Shimo Kwenye Mtulinga wa Ombima

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi wao wameshafariki na hawawezi kunijibu, na waliobaki siku hizi wananisalimia wakiwa wamevua kofia. Karani mmoja wa stesheni ya Nakuru aliniambia nitarudi kabla meli haijapita Aden. Baba mdogo alisema baridi ya Uingereza itanimaliza mwaka wa kwanza. Mwalimu wangu wa zamani, ambaye sina chuki naye, alisema hesabu za umeme na mionzi si za mtu aliyeishia darasa la nane. Shangazi yangu Rasoa, mwenye ulimi mkali kuliko wote, alisema, "Huyo? Kuku akichinjwa anageuza uso. Ataangaliaje mifupa ya watu?"

Nilikwenda. Nilikaa miaka minne katika mji wa moshi, nikafanya mtihani wa mwisho mara moja tu (kuna Waingereza watatu darasani kwetu walioufanya mara mbili, siwataji majina kwa heshima), nikarudi na diploma ya eksirei. Ninyi vijana mnaobaki kazini mmeniomba niandike mambo ya zamani kabla sijayasahau. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuja, mshahara nao ulikuja nyuma yao ukichechemea. Nitaandika zaidi habari za mfupa mmoja, mtulinga, kwa sababu katika mwaka wangu wa kwanza niliusoma vibaya, na kidogo tu niwafukuzishe kazi watu kumi wenye afya.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumatatu, katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo hata kwenda kazini kulihitaji karatasi za kuonyesha askari. Nilivaa suti ya kijivu, tai, na viatu vya Uingereza, na diploma nilikuwa nimeibeba ndani ya bomba la bati. Nilitarajia kupokelewa. Askari wa lango la hospitali ya Waafrika alinitazama juu mpaka chini akanielekeza kwenye foleni ya kikohozi.

Chumba cha eksirei kilikuwa stoo ya magodoro zamani, na siku za mvua bado kilinuka magodoro. Ndani nilimkuta Bwana Harilal, fundi aliyeiendesha mashine ile tangu wakati wa vita. Baba yake alikuwa mwashi wa reli. Yeye mwenyewe alizaliwa Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hakuwa na diploma. Nilimwonyesha yangu. Aliisoma yote, mpaka jina la mpiga chapa kule chini, akairudisha ndani ya bomba.

"Nzuri," akasema. "Inapasha dawa moto?"

Sikumwelewa.

"Asubuhi za Nakuru dawa ya kusafishia picha inakuwa baridi kama maji ya mto. Picha inatoka kijivu tupu, daktari anasema mgonjwa hana mapafu. Mimi napasha kwa birika. Wewe utapasha kwa hiyo karatasi?"

Basi nikajifunza kupasha dawa kwa birika. Nilijifunza pia vumbi la magadi. Miaka ile ziwa lilikauka sana, na upepo wa mchana ulipeperusha unga mweupe mpaka mjini, ukaingia kwenye vitabu, kwenye sukari, na ndani ya kasha la filamu. Punje moja ikikaa mahali pabaya inatoka kwenye picha kama kipande cha mfupa kilichovunjika. Wiki yangu ya pili nilimpeleka mtu wadi ya upasuaji kwa sababu ya punje ya magadi. Aliporudi akitembea mwenyewe, Bwana Harilal alinipa kitambaa laini na hakusema neno. Ningependa angesema.

Sasa mtulinga. Ninyi mnaupita haraka kwa sababu mnakimbilia mapafu, nami nilikuwa vilevile. Ni mfupa mwembamba uliopinda mara mbili, upande mmoja umeshika kidari, upande wa pili umeshika bega. Ndio peke yake, kati ya mifupa yote, unaoufunga mkono na kiwiliwili. Mengine ni nyama na kano. Unaanza kuwa mfupa kabla ya mingine yote, mtoto akiwa bado tumboni, na unamaliza kukomaa wa mwisho, mtu akiwa na miaka ishirini na tano hivi. Ndiyo maana ukimpiga picha kijana wa miaka ishirini na mbili utaona kipande chembamba kimejitenga karibu na kidari, na ukiwa mgeni wa kazi utasema amevunjika. Hajavunjika. Hajamaliza kukua, na pengine hata tabia yake inakuonyesha hivyo.

Ukivunjika, kwa kawaida unavunjika katikati. Msuli wa shingo unakivuta kipande cha ndani juu, na uzito wa mkono unakishusha cha nje. Nilifika mahali pa kuujua mvunjiko huu kabla mtu hajaingia mlangoni: anakuja ameshika kiwiko kwa mkono mwingine, kichwa amekilaza upande unaouma, mara nyingi na suruali iliyochanika goti, kwa sababu baiskeli imembwaga kwenye mteremko wa kutoka Menengai. Mlaze chali, elekeza mashine kidogo kuelekea kichwani, na mtulinga utapanda juu ya mbavu uonekane peke yake. Kama shaka iko kule mwisho wa bega, msimamishe, umfungie uzito kwenye vifundo vya mikono yote miwili, upige tena: kano ikiwa imekatika, bega litashuka na mtulinga utabaki juu. Sisi tulitumia chupa mbili za maji. Bwana Harilal alizipima kwa mizani ya sokoni ili zisipishane.

Watoto wachanga walikuja pia, mtulinga umevunjika wakati wa kuzaliwa. Mama mmoja kutoka Kabazi alirudi baada ya wiki mbili akilia kwamba tumemharibia mtoto, ana uvimbe. Nilimwambia uvimbe ule ndio mfupa unajiunga. "Basi mbona hukusema mapema?" akaniuliza. Tangu siku hiyo nasema mapema. Lakini hata kusema kuna kasoro zake, kama mtakavyoona.

Mwezi wangu wa saba hivi, ghala moja la nafaka karibu na reli lilituletea wapakiaji wake wote kumi na wawili wapigwe picha ya kifua. Mwenzao mmoja alikuwa amekohoa damu akarudishwa kwao, na mwenye ghala aliogopa TB. Walikuja siku ya Jumatatu, watu wa magharibi karibu wote, wenye mabega kama milango. Tuliwapiga mmoja mmoja. Kiongozi wao, Ombima wa Maragoli, aliingia mwisho. Yeye ndiye aliyeimba hesabu wakati wenzake wanapanda ubao wa kuingilia behewa na magunia, na hata pale chumbani hakuacha kuimba mpaka nilipomwambia ashike pumzi.

Nilizisoma picha zile kwa zamu, mapafu tu, moja baada ya nyingine. Yote safi. Nilipofika kwa Ombima, chai ilikuwa imechelewa, nikawa na nafasi ya kutazama mifupa pia. Pale chini ya mtulinga wa kulia, karibu na kidari, kulikuwa na shimo. Ukingo wa mfupa ulikuwa umemegwa kama mtu aliyeumega mkate kwa vidole.

Nilidhani ni magadi. Nilipangusa kasha, nikamwita tena, nikapiga picha ya pili. Shimo lilikuwa palepale.

Sheria ya kazi yetu ni kwamba sisi tunapiga na daktari anasoma. Hatusemi kitu. Lakini nilikuwa na kalamu nyeupe ya kuandikia kwenye filamu, na nilikuwa na diploma, basi nikachora duara. Daktari Finch, Mwingereza mrefu mwenye haraka, aliona duara kabla hajaona mapafu.

"Macho mazuri, Mukhwana," akaniambia.

Akaandika kwamba anashuku TB ya mfupa, kwamba mtu huyu asikaribie chakula cha watu, arudishwe kwao. Barua ilikwenda ghalani siku ileile. Mimi nilikwenda kunywa chai, na nakiri kwamba niliwaeleza wauguzi wote wawili waliokuwa pale jinsi nilivyoliona shimo ambalo mtu mwingine angelipita. Nililieleza mara mbili.

Jumatano asubuhi Ombima alinisubiri kwenye korido. Nilidhani amekuja kuomba dawa.

"Wewe ndiye umenichorea duara?"

"Ni mimi."

Akafungua shati, akashika kidole changu, akakigandamiza palepale kwenye mtulinga wake. "Bonyeza. Bonyeza kama mwanamume."

Nilibonyeza. "Unasikia uchungu?"

"Nasikia kidole chako kina baridi. Kitu kingine sisikii. Jumatatu nikitoka hapa nimepandisha behewa zima na wenzangu, nikaenda nyumbani nikala. Kwani mgonjwa wa mifupa anakaa hivi?"

Hakukuwa na joto pale, wala uvimbe, wala maumivu. Kitabu changu cha Uingereza kilisema TB ya mfupa huja na yote matatu.

"Nyumba ni ya ghala," akaendelea, sasa sauti imeshuka. "Wamenipa mpaka Jumamosi saa sita mchana. Mke wangu Robai ameshaanza kufunga vyombo. Watoto ni wanne. Kule kwetu shamba la baba ni kama hiki chumba chako, na ndugu zangu watatu wako juu yake. Wewe mtu wa picha, tazama tena. Sikuombi uongo. Tazama tu."

Kubonyeza kwanza na kuchora baadaye: ukitaka kuchukua kitu kimoja tu kwenye karatasi hizi, chukua hicho. Mimi nilikuwa nimechora kwanza.

Nilirudi nikazitoa zile picha kumi na moja za wenzake, nikaziweka kwenye sanduku la taa, na safari hii nikaanzia kwenye mitulinga. Tisa kati yao walikuwa na shimo. Saba upande wa kulia, wawili pande zote mbili. Nilikuwa nimezipita zote nikikimbilia mapafu. Furaha niliyoipata! Kitu walicho nacho karibu wote, na wote wanapandisha magunia wakiimba, kitakuwaje ugonjwa? Alhamisi asubuhi nilizibeba zote chini ya kwapa nikampelekea Daktari Finch.

Alizitazama moja baada ya nyingine. Nilisubiri anipongeze kwa mara ya pili wiki ile.

"Mungu wangu," akasema. "Ni genge zima."

"Ndiyo, Daktari, na kwa hiyo..."

"Wanalala chumba kimoja hawa? Wanakula pamoja?" Alikuwa ameshachukua kalamu. "Lazima niwaandikie ghala leo. Wote kumi waondoke."

Nilikuwa nimetoka na mtu mmoja wa kuokoa na sasa nina kumi. Nilisema kitu cha kwanza kilichonijia, nacho kilikuwa uongo wa aibu kwa mtu wa kazi yetu: kwamba sina hakika na makasha yangu, pengine yana kasoro, nipewe mpaka kesho nihakikishe. Alinitazama kama askari wa lango.

"Kesho saa tatu," akasema. "Saa tatu na dakika moja naandika."

Bwana Harilal alikuwa anatundika filamu zilizolowa nilipomweleza. Hakugeuka.

"Umetoka na mgonjwa mmoja umerudi na kumi. Diploma hiyo ni kali."

"Bwana Harilal, nisaidie."

"Mimi mashimo hayo nimeyaona miaka yote. Nilidhani kila mtu anayajua. Nani ataniuliza mimi?" Akapangusa mikono. "Lakini kuona si kitu. Daktari atasema hata hao walikuwa wagonjwa. Unataka mtu aliyebeba magunia, akapigwa picha zamani, halafu akapigwa leo, na katikati hakufa. Utampata wapi mtu kama huyo mpaka kesho saa tatu?"

Hapa inabidi niwaambie jambo ambalo pale hospitalini hakuna aliyelijua. Niliwaambia wote kwamba kabla ya Uingereza nilikuwa karani. Sikuwa karani. Tangu nikiwa na miaka kumi na saba nilibeba magunia ya mahindi pale kwenye reli ya Nakuru, miaka mitatu, bega la kulia. Leo ningeliandika hili kwa herufi kubwa kama nafasi ingeruhusu, kwani ni watu wachache waliotoka chini ya gunia wakafika kwenye diploma. Lakini wakati ule nilikuwa na suti ya kijivu, nikaona karani anaifaa zaidi.

Na picha nilikuwa nayo. Chuoni kila mwanafunzi mpya alipigwa picha ya kifua, na mimi niliiomba yangu siku ya kuondoka, nikaja nayo ndani ya sanduku, katikati ya mashati. Jina langu na tarehe vilikuwa vimeandikwa pembeni kwa herufi za madini ya risasi. Wageni wakija nyumbani niliwaonyesha moyo wangu kwenye mwanga wa dirisha. Mara ngapi sijui. Mtulinga sikuwahi kuutazama.

Saa ya chakula nilikwenda nyumbani karibu mbio, nikaifungua pale dirishani. Upande wa kulia, chini ya mtulinga, karibu na kidari: shimo la kutosha kulaza haragwe.

Nilikaa kitandani. Wazo la kwanza halikuwa la Ombima, nisiwadanganye. Nilijibonyeza kwa dakika nzima nikitafuta maumivu.

Mchana ule Bwana Harilal alinipiga picha mpya. "Kidevu juu. Mabega mbele. Vuta pumzi. Shika," akasema, kisha akanishikisha pumzi ile muda mrefu kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona akimpiga. Tulizilaza picha mbili pamoja, ya Uingereza na ya Nakuru, na karibu miaka mitano kati yao. Tulipima kwa rula. Shimo lilikuwa lilelile, urefu uleule, kina kilekile, na ukingo wake mweupe na mgumu kama mfupa mwingine wowote wenye afya. TB haikai mahali pamoja miaka mitano ikisubiri kwa adabu.

"Unajua atasema nini?" Bwana Harilal aliniuliza.

Nilijua. Atasema mpiga picha wake naye ni mgonjwa.

Ijumaa saa tatu kasoro nilikuwa mbele ya Daktari Finch, na Bwana Harilal nyuma yangu, na wale wauguzi wangu wawili wa chai mlangoni wakijifanya wanatafuta faili. Niliweka picha mbili kwenye sanduku la taa.

"Ni lilelile," Daktari akasema. "Mwingine wa ghalani?" Akainama asome jina. Akalisoma. Akainuka polepole.

"Mukhwana, unaelewa unaloniambia? Siwezi kuwa na mtu wa TB ya mfupa anashika wagonjwa wangu siku nzima."

"Naelewa, Daktari. Ukiandika barua ya wale kumi, andika na yangu. Lakini kwanza tazama tarehe."

Alizitazama. Akachukua rula mwenyewe.

"Hii ya kwanza ilisomwa na nani?"

"Na madaktari wawili wa chuo. Walinikubali kwa sababu yake."

"Na kabla ya hapo ulikuwa karani."

Nilisikia faili zimeacha kutafutwa. "Hapana, Daktari. Nilidanganya. Nilibeba magunia kwenye reli, miaka mitatu, bega hili."

"Kumbe!" akasema muuguzi mmoja, kwa sauti ambayo hakuikusudia.

Nikamweleza, na sauti yangu haikutetemeka zaidi ya mara moja. Chini ya mtulinga pale kuna kano fupi, nene, inayoufunga na ubavu wa kwanza. Mtu akirusha gunia begani, akalibeba, akarusha lingine, siku nzima, mwaka mzima, tena akiwa kijana ambaye mfupa haujakomaa, kano hiyo inavuta mahali pamoja. Mfupa unajichimbia nafasi. Hauliwi na ugonjwa; shimo linatengenezwa na kazi. Ndiyo maana wengi ni upande wa kulia, na wale wawili wenye mashimo mawili, nilikuwa nimeuliza, ni wale wanaobadilisha bega.

Daktari Finch alinifungua kola mwenyewe akanibonyeza mpaka kidole chake kikachoka; uchungu sikusikia. Alikuwa mtu wa haki, hilo nitalisema popote.

"Nataka kuona mtulinga wa mtu ambaye hakubeba," akasema.

"Daktari, pita huku," akasema Bwana Harilal.

Daktari alivua koti. Kidevu juu, mabega mbele. Tulisubiri dawa, ambayo ilikuwa moto sawasawa. Bwana Harilal alitoka chumba cha giza na filamu ikidondosha maji, akaiinua kwenye taa. Ukingo ulikuwa laini kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Ni kweli kabisa," akasema kwa heshima kubwa. "Daktari hajawahi kubeba kitu."

Wauguzi walikimbia kwenda kuchekea kwenye korido. Daktari Finch aliitazama filamu, kisha akacheka mpaka akavua miwani. "Nilibeba vitabu," akasema. "Inaonekana havitoshi."

Aliandika barua palepale: Ombima hana ugonjwa, alama ile ni ya kazi, arudishwe kazini na nyumbani kwake, na wenzake wasiguswe. Lakini kwa posta ingefika Jumatatu, na Robai alikuwa na mpaka Jumamosi saa sita. Nilisema nitaipeleka mwenyewe.

Jumamosi saa nne nilikuwa ghalani, suti ya kijivu na tai. Mwenye ghala alikuwa amesafiri. Nyapara, mzee mmoja mfupi mwenye penseli sikioni, alisoma barua, akaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Genge lilikuwa limesimama kwenye behewa la mahindi, na Ombima alikuwa ameegemea nguzo kando, hana ruhusa ya kushika kitu.

"Inasema shimo ni la magunia," nyapara akasema. "Na inasema mtu wa picha analo pia, kwa sababu alibeba hapa relini. Huyo mtu ni nani?"

"Ni mimi."

Kicheko kilianzia kwenye behewa kikashuka mpaka chini.

"Huyu? Na hiyo tai?"

"Mikono kama ya bibi harusi!"

"Labda alibeba gunia la pamba, jamani, msimwonee."

Nyapara hakucheka. "Mimi mifupa siijui, bwana. Najua magunia. Kama barua ni ya kweli, beba moja. Ukishindwa, barua itangoja bwana arudi Jumatatu."

Jumatatu ingekuwa imechelewa; mwisho wa Robai ulikuwa saa sita mchana uleule. Ombima alinitazama.

Nilivua koti. Tai niliiacha, kwa kiburi tu. Watu wawili waliinua gunia la mahindi, pauni mia mbili, na miaka mitano na ushee ilikuwa imepita tangu nilipobeba la mwisho. Liliposhuka begani magoti yangu yalisema maneno ambayo siwezi kuandika. Lakini mwili ulikumbuka pa kuliweka, karibu na shingo, si nje. Nikaufuata ubao. Ukipanda ubao lazima utembee na mtikisiko wake. Ukipigana nao unakutupa.

"Usitazame chini!" Ombima alikuwa ameacha nguzo, anatembea kando yangu. "Moja na ubao! Mbili na ubao! Huyo, huyo, mtu wa picha!" Na genge zima, lile lililokuwa linacheka, likaanza kumwitikia.

Nilifika juu. Niligeuka, nikalishusha kwenye safu, na kabla sijaliachia nikalizungusha ili mdomo wake ulioshonwa ulale ndani, uzi usishike la jirani. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Kicheko kilikatika. Nyapara alipanda mwenyewe, akatazama lile gunia na jinsi lilivyolala, akatoa penseli sikioni akaandika jina la Ombima kwenye daftari la siku.

"Huyu wa tai ni mpakiaji," akaliambia genge. "Ombima, shika kazi. Mimi naenda kumwambia mama watoto."

Nilimfuata kwenye nyumba za ghala, nyuma ya reli. Robai alikuwa amekaa mlangoni juu ya mzigo mkubwa wa mablanketi uliofungwa kamba, watoto wanne wamejipanga ukutani na viatu miguuni, tayari kwa safari. Nyapara alimwambia. Robai hakusimama. Alimwambia arudie. Nyapara aliporudia, Robai aliinama akauma fundo kwa meno, kwa sababu alikuwa amelikaza sana, akalifungua, akaingiza mkono mpaka kwapani ndani ya mablanketi na kutoa sufuria.

Chai ilipoiva aliniuliza nataka sukari ngapi. Nilisema nne. Mkono wa kulia haukuinuka hata kushika kikombe, basi nikainywa kwa wa kushoto, na watoto wakavua viatu.